MACKAY, MZUNGU WA KAZI: FUNDI ALIYEFUNGUA KARAKANA NATETE

Askari ajua ya kuwa bunduki isiyo na fundi ni kipande cha chuma tu, na lori lisilo na makanika ni mzigo uliosimama njiani. Hata hivyo ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza ufundi wa mitambo ulianzaje kufundishwa katika nchi ya Uganda, ni nani aliyeufundisha, na ni watu gani walioruhusiwa kujifunza. Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa maana elimu ya sayansi na uhandisi haijapata kuenea kwa watu wote kwa kujiendea yenyewe. Kila mara ilipoenea, ilikuwa ni kwa sababu mtu fulani au serikali fulani ilikata shauri kuufungua mlango.

Leo basi twapenda kusimulia maisha ya Alexander Mackay, aliyefariki mwaka 1890. Habari za dini yake zimekwisha andikwa sana, nasi hatuna haja ya kuzirudia zote. Tunalolitaka hapa ni upande wake wa pili: mhandisi aliyekuwa pia mwalimu, ambaye karakana yake huko Natete, karibu na mji wa Kabaka, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza katika nchi hii ambapo vijana wa Kiafrika walifundishwa kazi za mitambo ya kisasa. Wasomaji wetu wako Wakristo, wako Waislamu, na wako wa imani nyingine. Katika maisha haya kila mmoja atapata la kujifunza, na hatutayaficha mapungufu yake.

UTOTO NA MASOMO

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeenshire, huko Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza nyumbani. Baba alitumaini kwamba mwana angefuata kazi ya mimbari, lakini moyo wa kijana ulikuwa katika vyuma. Alipenda kutazama wahunzi wakifua, na wapiga chapa wakipanga herufi.

Mwaka 1867 alikwenda Edinburgh akaingia katika chuo cha kufundishia walimu. Baada ya hapo alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha mji huo, akigawa siku zake kati ya kazi ya kufundisha na kazi ya mikono katika karakana za Leith, bandari iliyo jirani. Yafaa tuangalie sana jambo hili. Wako wahandisi wengi wajuao kazi yao ila hawajui kuifundisha, na wako walimu wengi waielezao mashine ubaoni nao hawajapata kushika spana. Mackay alijifunza yote mawili, naye hakuona aibu kuchafuka masizi.

Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akafanya kazi ya kuchora na kubuni mitambo katika mji wa Berlin. Alikuwa huko mwaka 1875 wakati gazeti moja la London lilipochapisha barua ya msafiri Henry Stanley, iliyopelekwa kutoka baraza la Kabaka Mutesa wa Kwanza. Barua hiyo iliomba wapelekwe Buganda watu wajuao kazi za mikono na uwezo wa kuzifundisha, wala si wahubiri watupu. Mackay alijitoa kwa chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Mwezi Aprili 1876, akiwa kijana wa miaka 26, alipanda meli. Hakurudi kwao tena maisha yake yote.

BARABARA YA MPWAPWA

Alifika Unguja mwishoni mwa Mei 1876. Yeye na wenzake walikuwa kundi la watu wanane, lakini homa na mapigano viliwapunguza upesi. Mackay mwenyewe aliugua akiwa safarini kwenda bara, ikambidi arudi pwani. Wenzake wawili, Shergold Smith aliyekuwa ofisa wa manowari, na O'Neill aliyekuwa fundi, waliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877 katika ugomvi usiokuwa wao.

Wakati wa kungoja, Mackay hakukaa bure. Mwaka 1877 alikata barabara kutoka Saadani kwenye pwani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili 230 hivi, pamoja na vibarua aliowaajiri. Walifyeka misitu na kuweka vivuko kwenye vijito, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite mahali palipokuwa na njia ya mguu peke yake. Barabara ilikatwa, lakini ng'ombe wengi walikufa kwa sababu ya mbung'o. Askari wahandisi watalielewa somo hili mara moja: barabara nzuri haitoshi, iwapo hukujua kwanza ni mdudu gani aishiye kando yake.

Faida nyingine aliyoipata pwani ilikuwa lugha. Mackay alijifunza Kiswahili, nacho ndicho kilichompatia kibali huko mbele. Tusisahau kwamba wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikwisha fika Buganda tangu miaka ya 1840, na kwamba wao ndio waliotangulia kuwafundisha watu wa ikulu kusoma na kuandika. Mutesa alikuwa na maarifa ya Kiswahili na ya Kiarabu. Kwa hiyo Mackay alipofika aliweza kusema na mfalme pasipo mkalimani, na vitabu vya kwanza alivyovisoma pamoja na vijana wa baraza vilikuwa vya Kiswahili, vilivyopigwa chapa Unguja. Lugha yetu hii ya kambini na sokoni ilikuwa pia lugha ya darasa la kwanza.

Mwaka 1878 alilifikia ziwa. Huko alikuta mashua ya misioni, iliyoitwa Daisy, imeharibika, na walipoanza safari dhoruba ikaitupa pwani na kuivunja zaidi. Mbao za kuiunda upya hazikuwapo. Mackay na mwenzake Wilson walikata kipande cha katikati, wakatumia mbao zake kuziba matundu, kisha wakaunganisha kichwa na mkia. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea. Tarehe 6 Novemba 1878 Mackay aliingia mji wa Kabaka.

KARAKANA YA NATETE

Yatupasa kusema kwanza kwamba Mackay hakuja katika nchi isiyo na ufundi. Baganda walikuwa na wahunzi wao waliofua majembe na mikuki, wajenzi wa nyumba kubwa za nyasi, waundaji wa mitumbwi ya kushonwa iliyobeba majeshi ziwani, na watengenezaji wa nguo za magome ya miti. Barabara pana zilitoka mji mkuu kwenda majimboni. Kilichokuwa kigeni ni mashine: gurudumu, mashine ya kukerezea, pampu, na mtambo wa kupiga chapa.

Misioni ilipewa mahali Natete, na hapo Mackay akajenga karakana. Aliweka tanuri na mvukuto, fuawe, jiwe la kunolea lililozungushwa kwa gurudumu, na mashine ya kukerezea mbao na chuma. Alichimba kisima akafunga pampu, na watu wakaja kushangaa maji yakipanda juu. Alitengeneza gari la kukokotwa na ng'ombe. Herufi za chapa zilipompungukia, alizichonga mwenyewe, akapiga chapa karatasi za kusomea. Katika miaka ya 1880 mtambo huo ndio uliotoa kurasa za Injili ya Mathayo katika Kiganda, ambayo Mackay aliifasiri akisaidiwa na wanafunzi wake. Kwa sababu ya mwenendo huo wa kushinda kwenye tanuri tangu asubuhi, watu walimwita Mzungu wa Kazi.

Wageni walioketi katika baraza la Mutesa mara nyingi walijaribu kumpendeza mfalme kwa zawadi na maneno. Mfalme naye alikuwa na haja yake ya wazi. Jeshi la Misri lilikuwa limekwisha karibia kutoka kaskazini, naye alitaka bunduki na baruti, na mafundi wa kuzitengeneza. Alipoona kwamba wageni wake hawakuja kumtengenezea silaha, alikatishwa tamaa. Hapa pana jambo la kupima kwa haki. Mutesa hakuwa mjinga. Alijua kwamba nchi isiyojua kutengeneza silaha zake itatawaliwa na wazijuao, na miaka iliyofuata ilionyesha kwamba hofu yake ilikuwa na msingi. Mackay kwa upande wake aliona kwamba ujuzi wa kutengeneza mashine ni kitu cha kufundishwa vijana wengi, wala si cha kuwekwa mikononi mwa mtu mmoja. Wawili hao waliagana na kugombana kwa muda wa miaka sita.

Mwaka 1882 Namasole, mama yake Mutesa, alifariki. Mfalme alitaka azikwe kwa heshima ambayo haijapata kuonekana, naye akamwagiza Mackay atengeneze majeneza. Kazi hiyo ilimchukua siku nyingi, usiku na mchana, pamoja na wahunzi wa mfalme. Shaba ilitolewa katika vyombo vya ikulu, ikafuliwa na kupigwa misumari, hata jeneza likawa kubwa kama chumba. Wengine wameitaja kazi hiyo kama jambo la ajabu tu. Sisi twaona ya kuwa ilikuwa pia darasa. Wahunzi wa Buganda na fundi wa Scotland walifanya kazi kwenye fuawe moja, na kila upande uliona mbinu za mwenziwe.

Mmoja wa wahunzi wakuu wa mfalme alikuwa Nuwa Walukaga. Huyu hakuwa kijana, alikuwa mtu mzima mwenye cheo katika kazi yake, naye akawa mzee wa kanisa la Natete. Twamtaja kwa sababu watu wengi hudhani kwamba elimu mpya ni ya watoto peke yao. Walukaga alikuwa amekwisha kuwa bingwa alipoanza kusoma.

VIJANA WALIOKUJA KUSOMA

Ni akina nani waliokuja Natete? Wengi walikuwa vijana wa baraza, wana wa machifu waliopelekwa ikulu kutumika na kupanda vyeo. Lakini walikuja pia wengine wasiokuwa na baba wa kuwasemea. Miongoni mwao alikuwa Yusufu Lugalama, mtoto wa Kihima aliyetekwa vitani akaletwa Buganda kama mateka. Katika desturi ya siku zile mtoto kama huyo alikuwa mali ya bwana wake. Kwa misioni alipata kukaa meza moja na wana wa wenyeji na kushika kitabu kilekile walichokishika wao.

Twaomba msomaji alitue kidogo jambo hilo moyoni. Leo twazoea kuzungumza juu ya mipango ya kuwaingiza wasichana, maskini, walemavu na watu wa majimbo ya mbali katika masomo ya sayansi na uhandisi. Pengine twadhani ni fikira mpya zilizotoka ng'ambo. Lakini katika Buganda ya mwaka 1884 mtoto wa mateka alikwisha onekana akisoma pamoja na wana wa wakubwa. Wala hakuwa hapo kwa bahati nasibu, maana wako watu waliokataa kumfukuza.

Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884. Mwanga, mwanawe, alikuwa kijana wa miaka chini ya 20, naye alirithi ufalme uliozungukwa na hatari: Wajerumani walikuwa wakitwaa nchi za pwani, na habari hizo zilifika ikulu. Washauri wake walimwambia kwamba vijana wasomao kwa Wazungu wangemsaliti. Tarehe 30 Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani pamoja na vijana wao. Mkuu wa askari wa mfalme, ambaye cheo chake kiliitwa Mujasi, aliwazuia kwa bunduki akawakamata vijana. Mackay alikwenda mbio kwa Katikiro kuwaombea, akatoa zawadi, lakini hakufanikiwa. Siku ya pili, tarehe 31 Januari, vijana watatu waliuawa kwa kukatwa na kuchomwa moto katika bonde la Busega: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga, na yule Lugalama aliyekuwa mateka.

Twaandika haya kwa askari na polisi, kwa hiyo hatutapita pembeni. Watu waliowakamata watoto wale walikuwa watu wenye silaha waliotii amri. Hatusemi hayo ili kuwalaumu watu waliokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Twasema kwa sababu kijana aliyeshika kitabu ameonekana adui mara nyingi katika historia, na anayetumwa kumkamata ni askari. Wala mateso hayo hayakuwa ya dini moja. Karibu mwaka 1876, siku za Mutesa, vijana Waislamu wa ikulu waliuawa kwa kushika waliyofundishwa. Mwaka 1886 walifuata Wakatoliki na Waprotestanti, na wengi wao walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni. Mhunzi Nuwa Walukaga alikuwa miongoni mwa waliochomwa siku hiyo.

Upande wetu wa mashariki nao uliguswa. Mwezi Oktoba 1885 Askofu Hannington alikuja kwa njia ya Mumias na Busoga. Ikulu ilihofia sana njia hiyo, kwa kuwa iliaminiwa kwamba atakayeimeza Buganda angetokea mashariki. Mackay alijaribu kupeleka onyo asiifuate, lakini halikufaa. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba kwa amri iliyotoka kwa Mwanga.

USAMBIRO

Katika siku hizo za hatari Mackay aliendelea kupiga chapa usiku na kutengeneza vyombo mchana. Ufundi wake ndio uliomwokoa, maana Mwanga aliona hasara kumpoteza mtu ajuaye kazi nyingi. Hatimaye mwezi Julai 1887 alilazimishwa kuondoka. Alivuka ziwa akakaa Usambiro, kusini mwake, katika nchi iliyo Tanzania leo.

Hapo alianza upya. Alifyatua matofali, akajenga karakana nyingine, akaendelea kufasiri na kupiga chapa, na akaanza kuunda mashua ya kwenda kwa mvuke. Mwezi Agosti 1889 Stanley, ambaye barua yake ndiyo iliyomwita Afrika, alifika hapo na msafara wake uliochoka, akapumzika kwa muda wa wiki tatu hivi. Alimkuta Mackay katikati ya vyuma vyake, vijana wakimzunguka. Alimshauri arudi Ulaya kupumzika, lakini Mackay alikataa kuondoka kabla hajapata mtu wa kushika kazi.

Mtu huyo hakuja kwa wakati. Homa ilimshika Mackay, naye akafariki tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mashua yake ya mvuke ilikuwa haijamalizika. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa kutoka Usambiro ikazikwa Namirembe.

MLANGO ULIOBAKI NUSU

Tumesema kwamba hatutayaficha mapungufu. Mackay alikuwa mtu mkali, naye aliwadharau sana Waislamu na mapadri Wafaransa waliofika mwaka 1879. Ugomvi wa walimu uliwagawa wanafunzi, na mwaka 1888 vikosi vya vijana wenye bunduki, Waislamu na Wakristo, vilimwondoa Mwanga kisha vikapigana vyenyewe kwa vyenyewe. Tena, karakana yake ilikuwa ya wanaume. Wanawake walisoma vitabu, lakini hatusikii kwamba walifundishwa kukereza wala kufua. Na watu wa mbali na ikulu, wa Bugisu, Bukedi, Teso na Karamoja, hawakuwa na njia ya kufika.

Baada ya nchi kuwa chini ya Waingereza mwaka 1894, mlango haukufunguka upesi. Shule kubwa za misioni, kama Gayaza ya wasichana iliyoanza mwaka 1905 na Budo ya wavulana mwaka 1906, zilikusudiwa hasa watoto wa machifu. Jeshi lilitangulia kwa namna yake: mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana wa shule za misioni waliandikwa katika kikosi cha Waafrika cha utabibu, wakafundishwa kuwauguza askari na wapagazi. Baada ya vita ikaonekana wazi kwamba Mwafrika aweza kufundishwa utabibu.

Mwaka 1922 ilianzishwa Makerere, nayo haikuanza kama chuo cha falsafa bali kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Wote walikuwa wanaume. Wanawake sita wa kwanza waliingia mwaka 1945. Bwawa la Owen Falls, huko Jinja, lilipofunguliwa mwaka 1954, wahandisi wake wakuu walikuwa wageni, na Waafrika wengi walikuwa vibarua. Mganda aliyetaka shahada ya uhandisi hapa Afrika Mashariki ilimlazimu aende Nairobi, ambako chuo cha ufundi cha kifalme kilifunguliwa mwaka 1956. Makerere haikuwa na kitivo chake cha teknolojia mpaka mwaka 1970. Tangu Mackay azime tanuri lake Natete mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 83.

Ndipo ikaja mipango ya makusudi. Mwaka 1990 vyuo vya serikali vilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika kuchagua wanafunzi wa kuingia. Wako waliolalamika kwamba ni upendeleo. Twawajibu hivi: pointi hizo humfikisha msichana mlangoni, lakini akishaingia mtihani wa hesabu hauulizi ni mwanamume au mwanamke. Ni kweli lakini kwamba mpango huo peke yake haukutosha. Wanawake waliongezeka chuoni, ila katika uhandisi walibaki wachache, na wengi waliofaidika walitoka shule zilizo bora tangu awali. Shule ya kijijini isiyo na maabara haimpatii msichana alama za fizikia, hata ukamwongezea pointi ngapi. Kwa ajili hiyo ulikuja ufadhili wa shirika la Carnegie la Marekani kwa wasichana wenye uhitaji Makerere, mwanzoni mwa karne hii, sehemu kubwa ukitengewa masomo ya sayansi. Mwaka 2014 sheria iliunda bodi ya kuwakopesha wanafunzi ada, na masomo ya sayansi na teknolojia yakapewa kipaumbele.

Mashariki nako hakukusahauliwa. Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007, kikiwa na uhandisi miongoni mwa masomo yake ya kwanza, na mwaka 2013 kitivo chake cha afya kilianza kufundisha mjini Mbale. Chuo cha ufundi cha Elgon nacho kiko Mbale. Mtoto aliyezaliwa Namakwekwe aweza sasa kuona majengo ya elimu ya sayansi katika mji wake mwenyewe, jambo ambalo babu yake hakuliona. Lakini jengo kuwa karibu si sawa na kuingia ndani. Baba wa Namakwekwe mwenye mshahara mdogo, na watoto wa kiume na wa kike, akikosa ada ya wote, mara nyingi huanza kumwondoa msichana. Na msichana akipenda nyaya na injini, huambiwa hiyo ni kazi ya kaka zake.

Ndugu askari na polisi, nyinyi mna nafasi ambayo wengi hawana. Kambi ina karakana, ina mafundi wa magari, wa redio, wa umeme na wa silaha, na serikali ndiyo ilipayo gharama za mafunzo yao. Vilevile kambi ina watoto ambao huhamishwa shule kila baba au mama ahamishwapo lindo, wakapoteza masomo ya hesabu na sayansi kuliko mengine, kwa kuwa hayo hujengwa hatua juu ya hatua. Sajini fundi amkubaliaye kuruta wa kike kushika spana badala ya kumtuma chai, amefanya kazi ileile ya Natete. Na mzazi amtafutiaye bintiye kitabu cha fizikia kwa bidii ileile amtafutiayo mwanawe, amefanya zaidi, maana amefungua ule upande wa mlango ambao Mackay mwenyewe aliuacha umefungwa.

Mackay hakuacha kiwanda wala utajiri. Chombo chake kikubwa cha mwisho hakikumalizika. Alichoacha ni watu waliokwisha jua kwamba mashine si uganga, bali ni kazi ambayo mtu aweza kufundishwa, awe mwana wa chifu, mhunzi mzee, au mtoto aliyetekwa vitani. Watatu walilipa maisha yao mwaka 1885 wakiwa bado wanafunzi. Nasi tulio na shule na vyuo bila kutishwa na Mujasi yeyote, hatuna udhuru wa kumwacha kijana mlangoni kwa sababu ya jinsia yake, kabila lake, au umaskini wa nyumbani kwao.